Kiti cha Gumba na Kiti cha Meneja

3 Februari

Kasuku, mdogo wangu,

Tafuta pa kukaa kabla hujaendelea kusoma. Mimi nimeshakaa, tena nilipokaa hata waziri angepaonea kijicho. Nyota yangu imewaka. Tangu wiki iliyopita kaka yako ana kiti cha meneja. Cheusi, cha ngozi, mgongo wake unanipita kichwa, kinazunguka upande wowote bila kuniuliza nakwenda wapi, na ukivuta kijiti cha chini kinakulaza chali taratibu kama mgonjwa wa kujitakia.

Haya, salamu. Hamjambo huko nyumbani? Goti la Mama limetulia au bado linatabiri mvua? Shemeji yangu bado anakoroma mpaka kuku wanahama? Wapwa zangu waambie mjomba wao sasa anatia sahihi vitu.

Duka letu ni ghorofa tatu za samani, vioo kila upande. Ghorofa ya pili yote ni viti: vya ofisi, vya mapokezi, vya vinyozi, na hapo ndipo ufalme wangu. Watu wanapanda ngazi wanasema wanamtaka anayejua viti, wanaletwa kwangu. Mimi niliyeiacha shule kabla shule haijanizoea, leo wenye shahada wananiuliza wakae wapi. Nawaambia, na wanakaa.

Ulisema simu unaisikia masaa tisa kila siku kazini na ikilia tena jioni utaitumbukiza kwenye pipa la maji, ndiyo maana nakuandikia. Sawa. Barua ina heshima yake, na mtu haoni umevaa nini.

Mwambie Mama habari ya kiti. Mwambie polepole, asianguke.

Kaka yako,
Tarumbeta

Nimesahau: nitumie ile dawa ya kuchua anayotumia Mama. Si yangu. Kuna rafiki yangu hapa, miguu inamvimba.


21 Februari

Kaka Tarumbeta,

Shikamoo. Sisi wazima. Mama nilimwambia polepole kama ulivyotaka, lakini yeye hakuwaambia wengine polepole. Amemwambia fundi cherehani, amemwambia msoma mita, amemwambia nesi huku anapimwa presha na presha ikapanda. Sasa hivi kiti chako kina mikono ya dhahabu, sijui aliyeiongeza ni nani. Mume wangu anakusalimu na anasema hakoromi, anapumua kwa bidii. Dawa ya kuchua iko ndani ya kifurushi. Huyo rafiki yako aichue miguu kuanzia vidoleni kupanda juu.

Na mimi nitasema kweli: wivu umenishika. Niliposoma neno "kinakulaza" niliifunga barua nikaenda kuosha vyombo kwa hasira.

Kazi yangu unaijua. Naongea na watu ambao vifurushi vyao vimepotea. Masaa tisa nimevaa hedifoni hapa hapa nyumbani natuliza watu, na masaa yote hayo nimekalia kile kiti chetu cha mezani, cha mbao, chenye msumari tunaoupigilia kila mwezi na kila mwezi unachungulia. Tangu Novemba mgongo umegoma. Nilikwenda kwa mtaalamu wa viungo hospitalini. Akaniinamisha, akanibonyeza, akakiangalia kiti changu kwenye picha, akasema, "Mama, wewe huna ugonjwa. Una kiti." Akaongeza kwamba nikiendelea hivi, kabla mwaka haujaisha nitaacha kazi nikitaka nisitake.

Sasa kuna jambo. Mdogo wake mume wangu, yule anayecheza gemu za mashindano, tunamwita Gumba kwa sababu anaishi kwa vidole gumba (ungemjua kama ungekuja harusini kwetu), ameshinda kiti. Kiti cha gemu, chekundu na cheusi, kina mabawa mabegani kama gari la mashindano na mto mdogo wa kiunoni. Anacho kingine, kwa hiyo hiki ananipa mimi bure. Mume wangu anasema nichukue leo. Mimi nimesema ngoja kwanza, nina kaka ambaye kazi yake ni viti. Je, nichukue cha Gumba, au nitafute cha ofisi kama chako? Ukisema wewe, nitafuata.

Mdogo wako,
Kasuku


5 Machi

Kasuku,

Natumaini barua hii inakukuta wima, au ikikukuta umekaa basi umekaa upande usio na msumari. Mpe Mama pole ya presha. Mikono ya kiti changu si ya dhahabu, mwambie, lakini asijisumbue kuwasahihisha watu.

Hongera kwa huyo Gumba. Mtu mzima na ndevu zake anajifungia chumbani, anaua majini kwenye kioo, anatoka anapewa kiti. Dunia imekuwa laini. Sisi wengine tulitolewa jasho ndipo tukaonyeshwa hata benchi.

Sasa sikiliza mtu anayejua. Kiti cha gemu tunavyo hapa, ghorofa ya tatu, pembeni ya vitanda vya watoto, na hapo tu ungejua daraja lake. Kile si kiti, ni vazi. Kimetengenezwa kwa ajili ya mtu anayerukaruka na kupiga kelele. Mabawa yale yanakubana mabega kama shangazi asiyetaka uondoke. Rangi yake ya gari la zimamoto. Ukikalia rangi hiyo mteja utamtulizaje? Kiti cha ofisi ni kitu kingine. Kina adabu. Kinajua kuna kazi.

Nisikufiche, imeniuma kidogo kwamba kiti kimeingia nyumbani kwako kupitia mlango mwingine. Ulipoanza shule nani alikuchongea kigoda? Gumba? Ulipovunja kigoda hicho nani alisema amevunja yeye?

Lakini mimi ni mtu wa haki, sihukumu kabla ya kupima. Chukua kamba. Vua viatu, kaa wima kwenye kitu kigumu, nyayo chini. Kutoka sakafuni mpaka nyuma ya goti, funga fundo. Kutoka hapo mpaka nyuma ya makalio, fundo la pili. Kutoka unapokalia mpaka kwenye lile bonde la kiuno, fundo la tatu. Nitumie kamba. Kiti kinachoikubali kamba ndicho chako. Hii ni siri ya kazi, usimpe mtu.

Kaka yako,
Tarumbeta

Dawa imefika. Rafiki yangu anashukuru, ameweza kuvaa viatu.


24 Machi

Kaka,

Shikamoo. Kamba hiyo hapo. Alinipima Mama, na haikuwa rahisi, maana kila fundo alilifunga huku akisema nimerefuka na kunilaumu. Nikamwambia nina miaka thelathini na nne, sirefuki. Akasema basi kamba imefupika. Tulipima mara tatu mpaka tukakubaliana.

Wanao, nasema wapwa zako, hawajambo. Mdogo ameng'oa jino akalificha, hataki kusema wapi.

Nikuambie jambo usikasirike. Gumba alikileta kiti Jumapili. Hakungoja jibu, alisema kikae tu hapa nikijaribu. Mama alikikalia "aone kidogo" na akala chakula chake cha mchana humo humo. Mimi nimekifanyia kazi siku mbili. Siku mbili hizo, kaka, nilisahau kwamba nina mgongo. Jana mteja alinitukana dakika kumi na mbili kuhusu jiko lake lililopotea na mimi nikawa natabasamu peke yangu.

Lakini siku mbili si kitu, na vitu laini hudanganya, wewe mwenyewe ulisema hivyo zamani kuhusu lile godoro. Kwa hiyo nimekirudisha kwenye plastiki yake mpaka nisikie kamba imesemaje. Mume wangu ananishangaa. Nimemwambia kwamba daktari alijua mgongo, lakini wewe unajua kiti.

Mdogo wako,
Kasuku


6 Aprili

Kasuku,

Hamjambo. Mimi buheri wa afya. Jino la mtoto litafuteni chini ya godoro, ukoo wetu wote tunaficha hapo.

Nimepima. Nimepanda na kamba yako mpaka ghorofa ya tatu kwa miguu yangu mwenyewe, nikaiweka kwenye kiti kilekile cha Gumba, tunacho kama hicho hicho. Kamba imekataa. Imekataa fundo la kwanza, imekataa la pili, la tatu hata sikujisumbua. Wewe ni mrefu kama ngazi ya fundi umeme, na kile ni kiti cha vijana wafupi wanaokunja miguu. Utamu wa siku mbili ni utamu wa sponji mpya. Mwezi wa tatu utakuta uti wako umepinda kama ndoano.

Mrudishie mwenyewe. Mwambie kwa upole, mwambie kaka yako mwenye kazi yake amesema hapana.

Na wewe usihangaike. Nimekuchagulia kiti cha ofisi hapa, cha kijivu, mgongo wa wavu unaopitisha hewa, mikono inapanda na kushuka. Nitakituma mimi. Kiko njiani, ni kama kimefika.

Kaka yako,
Tarumbeta


30 Mei

Kaka,

Huyu anayeandika ni Mama, Kasuku anasema mimi naandika, kwa hiyo kama maneno yamepinda ni ya mkono wangu. Yeye amelala chini kwenye mkeka. Hujambo mwanangu? Mimi goti linanitii.

Anasema hivi. Kiti cha Gumba alikirudisha mwezi uliopita. Gumba alikibeba kichwani akaondoka nacho kwa miguu, na mumewe aliona aibu siku nzima. Anasema yeye alirudi kwenye kiti cha mbao kungoja chako. Wiki ya pili hakuweza kuinuka. Amekosa kazi siku nane. Msimamizi wake amempigia, kamwambia ana mpaka mwisho wa Julai awe amerudi kwa masaa yote, la sivyo nafasi yake wanampa mwingine.

Anauliza kiti kimefika wapi. Anasema yeye kazi yake ni kutafuta vifurushi vya watu vilivyopotea, ametafuta na hiki, na hakuna karani yeyote anayekijua.

Sasa haya ni ya kwangu mimi Mama, yeye hajui naandika: hasemi, lakini analia akigeuka ubavu. Kama kuna tatizo, sema.


11 Juni

Mama na Kasuku,

Shikamoo Mama. Pole sana mdogo wangu, tena pole. Hakuna tatizo. Ni mambo ya ghala, kuna foleni ya mizigo, na kile cha kijivu kilipata mkwaruzo nikakataa kisije kwenu na kovu. Mtu wa cheo changu hatumi kitu chenye kovu. Natafuta kingine. Lala chali, weka mto chini ya magoti.

Kazi nyingi, nimeandika kwa haraka nikiwa nimesimama.

Tarumbeta


2 Julai

Kaka,

Shikamoo. Leo naandika mwenyewe, kwa vipande, robo saa nimekaa, robo saa nimelala. Wapwa zako wanacheza kuwa mimi: mmoja analala mkekani anasema "pole mteja", mwingine anafanya kuwa kifurushi.

Jibu lako nililisoma mara mbili, halafu Mama akalisoma, akalirudisha ndani ya bahasha.

Gumba alikuja huko kwenu mwezi uliopita. Kulikuwa na mashindano, akatolewa mapema sababu alikuwa na bendeji kwenye hicho hicho kidole gumba, alijikata na kopo. Akaona kwa kuwa yuko karibu aende dukani kwako akuulize mwenyewe kuhusu kiti, ana kwa ana. Amerudi Alhamisi na ile kofia yake ya njano asiyoivua hata mezani. Nikamwuliza, umemwona kaka? Akasema amekuona. Anasema duka ni kubwa kuliko nilivyomwambia, na wewe unaheshimika, ila ulikuwa na kazi nyingi hakutaka kukusumbua.

Mama amefurahi, ameshatoka kwenda kwa fundi cherehani.

Halafu Gumba akaniambia jambo nikushirikishe. Kile kiti hajampa mtu. Kiko chumbani kwake, kwenye plastiki. Anasema, "Kaka yako akisema ndiyo, nakileta siku hiyo hiyo. Asiposema, sileti, yeye ndiye mkubwa." Alisisitiza sana hilo, kwamba mkubwa ni wewe, mpaka nikamshangaa.

Zimebaki wiki nne, kaka. Cha kijivu kije au kisije, nataka neno moja tu.

Kasuku


10 Julai

Kasuku, mdogo wangu,

Mama hajambo, watoto hawajambo, najua, wewe umeshasema. Leo salamu zangu fupi.

Neno lako ni ndiyo. Ifunge barua sasa hivi, mtume mtu kwa Gumba akilete, halafu urudi usome yaliyobaki.

Umerudi? Kamba haikukataa. Nilipanda nayo ghorofa ya tatu kweli, hilo si uongo. Fundo la kwanza likatua kwenye ukingo wa kiti kama limeitwa. La pili likaacha vidole vitatu nyuma ya goti, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. La tatu likaangukia katikati ya ule mto wa kiunoni. Nikadhani nimekosea, nikapima tena. Nikashuka nikaijaribu kwenye viti vya ofisi, vinne, kikiwemo cha kijivu. Vyote vifupi kwako, vingekuishia katikati ya mgongo. Nilisimama na kamba yako mkononi na nikajua kila kitu, halafu nikaenda kukuandikia kinyume chake. Cha kijivu sikukituma, hakina mkwaruzo, kipo hapa kinauzwa.

Ilikuwa wivu. Sina jina jingine la kukipa kitu hiki. Tangu Baba afariki mimi ndiye nilikuwa naleta vitu nyumbani, hata kama ni kigoda cha kuyumba. Halafu nasikia kuna kijana anacheza, anapewa kiti, anakubebea mpaka sebuleni, na wewe unatabasamu. Nikajisemea, yeye anacheza na anakaa, mimi nafanya kazi nasimama. Nikamtukana barua mbili mtu ambaye hata sura yake siijui, kwa kuwa harusini sikuja. Harusini sikuja kwa sababu sikuwa na viatu vya kuja navyo, na nilikuwa nimeshawaambia nina suti.

Sasa nikueleze kuhusu Gumba, maana yeye hatakueleza.

Siku ya Jumanne alinijia kijana mwenye kofia ya njano, kidole kimefungwa bendeji. Sikumjua. Akaniuliza, "Samahani kaka, meneja wa viti ni nani?" Nikamwambia, "Unamwona." Akacheka vizuri tu, akasema amesikia nina kiti kizuri. Nikamwonyesha kile cheusi kupitia kioo cha ofisi. Akauliza, "Kinakaaje?" Nikamwambia ni kama kuelea. Nilikuwa nimeegemea kidogo kiti cha mapokezi, maana miguu ilikuwa inawaka. Hapo meneja akatokea nyuma yangu. "Wewe, mara ngapi nimesema bidhaa haziegemewi? Na vioo vya mlangoni umevifuta, au unasubiri nivifute mimi?" Nikasema samahani, bosi. Yule kijana akainama chini akaanza kuchunguza magurudumu ya kiti, akayachunguza kwa muda mrefu sana, mpaka meneja alipoondoka. Ndipo akainuka, akanipa mkono, akasema, "Asante kaka, umenisaidia." Akashuka ngazi.

Nikamwona mteja mwingine wa bure. Mpaka barua yako ilipofika na ile kofia ndani yake.

Aliona kila kitu, Kasuku. Akaja akakwambia naheshimika. Kiti angeweza kukileta siku ile ile na kusema, kaka yenu ni mfuta vioo, anajua nini. Badala yake akakaa nacho chumbani akaniachia mimi nafasi ya kusema ndiyo, ili ionekane kimetoka kwangu. Nimesoma mstari ule wa "yeye ndiye mkubwa" nikaona ingekuwa afadhali angenitukana.

Mwambie kimetoka kwake. Mwambie mumeo pia, na Mama, na fundi cherehani kama Mama atakubali kurudi kwake na habari mpya. Kikifika, kishushe mpaka nyayo zilale sakafuni zote, mto uwe kwenye bonde la kiuno, usiupandishe. Anza masaa mawili, siku inayofuata matatu. Mpaka mwisho wa mwezi utakuwa umerudi kwenye tisa. Hayo nayajua kweli, nimeyajifunza kwa kuwasikiliza wanaouza.

Kwa sababu mimi siuzi. Napanga, nabeba, nafuta. Sheria ya hapa ni kwamba mfanyakazi akionekana amekaa, ameacha kazi mwenyewe. Rafiki mwenye miguu iliyovimba hayupo, dawa ya Mama najichua nayo mimi.

Na kiti cheusi cha ngozi ni cha meneja. Kila asubuhi nakifuta vumbi. Sijawahi kukikalia.

Kaka yako